Machini: Katuni ya kokoto na chaki inayowapa watoto wa Kolwezi njia ya kuujua mji wao

Mtoto wa Kolwezi anayependa vibonzo huijua dunia kabla ya kuujua mtaa wa pili. Anajua jumba la barafu la binti mfalme, anajua mbuga anakotawala simba, anajua hata majina ya magari yanayozungumza. Lakini mwulize kile kilima kikubwa, kilichokatwa juu kama meza na kisicho na mti hata mmoja, kimetoka wapi. Wengi hawana jibu, na wazazi nao huishia kusema kwamba ni cha mgodi, basi.

Kilima hicho hakikuumbwa na Mungu. Ni mawe na udongo uliotolewa shimoni na kumwagwa hapo na malori, mwaka baada ya mwaka, tangu enzi za Union Minière hadi leo. Maisha ya mji ulioota kando ya mashimo kama hayo ndiyo yaliyozaa filamu fupi ya vibonzo iitwayo Machini, iliyotoka mwaka 2019. Ina dakika 10 tu. Haikutengenezwa Marekani wala Japani, bali Lubumbashi, takriban kilomita 300 kutoka Kolwezi.

Walioitengeneza ni Frank Mukunday na Trésor Tshibangu, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Tétshim. Studio yao waliipa jina la Crayon de cuivre, yaani penseli ya shaba. Jina la filamu halihitaji mkalimani kwa mtu wa Katanga: machini ndivyo neno mashine linavyotamkwa huku, na hutumika kwa kila kitu kinachozunguka na kupiga kelele, kuanzia kinu cha kusaga mahindi hadi mtambo wa kusaga mawe mgodini.

Vifaa vikuu vya filamu hiyo ni kokoto na chaki. Kokoto husogezwa kidogo sana, picha hupigwa, husogezwa tena, picha nyingine hupigwa. Picha hizo zikipitishwa haraka mbele ya macho, jiwe hupata uhai. Wazo la wasanii hao ni kwamba katika mji wa migodi binadamu amegeuka kuwa kama betri ya lithiamu: ndiye anayeifanya mashine izunguke, huku mashine hiyohiyo ikimchafua.

Si katuni ya kuchekesha, na mzazi anapaswa kuitazama mwenyewe kwanza kabla ya kuwaita wadogo. Wala si ile ambayo mtoto ataitaja haraka akiulizwa kipenzi chake. Lakini ina jambo moja ambalo katuni zile za jumba la barafu hazina. Ikiisha, mtoto wa Kolwezi anaweza kufungua mlango na kutoka nje kuangalia ilikotoka.

Miji mingine ilishaanza

Kutembea mjini kwa kufuata katuni si jambo geni. Mjini Brussels, tangu mwaka 1991, kuta za majengo zimekuwa zikichorwa wahusika wa vitabu vya katuni vya Ubelgiji, na leo familia hutembea kutoka ukuta hadi ukuta zikiwa na ramani mkononi. Katika mtaa wa Rue de l'Étuve, Tintin anashuka ngazi za dharura ukutani akiwa na mbwa wake na Kapteni Haddock. Ni mji huohuo wa Brussels uliokuwa makao makuu ya Union Minière, na sehemu ya fedha zilizoujenga ilitokana na shaba ya Katanga. Watoto wake wana kuta za kutembelea; watoto wa mahali shaba ilikotoka wana mashimo.

Na huyo Tintin aliyeletwa Kongo katika hadithi ya miaka ya 1930 na 1931 hakuwa na Kongo ya kweli ya kutembelea. Mchoraji wake, Hergé, hakuwahi kukanyaga nchi hii. Alichora kwa kuangalia vitabu, picha na vitu vya makumbusho ya Tervuren, na alichokitoa ni Kongo ya kikoloni iliyomo vichwani mwa Wabelgiji, yenye dhihaka kwa Waafrika ambayo hadi leo inazua mabishano. Mtoto akiishika hadithi hiyo na kuuliza kijiji kile kiko wapi, jibu sahihi ni kwamba hakipo.

Kolwezi yenyewe iliwahi kukumbwa na jambo kama hilo. Filamu maarufu kuliko zote zenye jina la mji huu, ile ya Raoul Coutard ya mwaka 1980 kuhusu askari wa miavuli wa Ufaransa walioshuka hapa Mei 1978, ilipigiwa Guyana ya Ufaransa, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mitende na barabara zinazoonekana humo si za Lualaba.

Karibu zaidi na nyumbani mambo yamebadilika. Nchini Tanzania, kipindi cha Akili and Me kinachotengenezwa na Ubongo kina mhusika mkuu wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro, mlima ambao mtoto wa Moshi anauona akiamka. Mwaka 2023 Netflix ilitoa Supa Team 4, iliyobuniwa na Mzambia Malenga Mulendema, ambamo wasichana wanne wanapambana na waovu katika Lusaka ya siku zijazo. Kwa watoto wa Kolwezi, Lusaka ni mji wa nchi jirani, ule ambao malori ya shaba huupita yakielekea bandarini.

Kutoka kwenye skrini hadi barabarani

Anayetaka kuanza matembezi ya Machini hana haja ya kwenda mbali. Barabara kuu ya kwenda Likasi na Lubumbashi inatosha kwa saa nzima, mradi familia isimame mahali palipo mbali na njia ya magari, kwa sababu madereva wa hapo hawana muda wa kumngoja mtoto avuke. Asubuhi mapema ni bora. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu huanza kupanda jua likichomoza tu, na kufikia saa nne hata majani ya miembe yamebadilika rangi.

Hapo kazi ya mtoto ni kuhesabu na kukisia. Lori lenye mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma limebeba shaba iliyokwisha kusafishwa. Kila bamba lina upana wa karibu mita moja, na usafi wake hufikia asilimia 99.99. Lori lenye mifuko mikubwa iliyopangwa kama magunia ya sementi ya majitu huenda limebeba kobalti iliyosindikwa. Lori lililofunikwa turubai, lenye matone ya tope nyuma, pengine lina mawe ghafi yanayopelekwa kiwandani. Baada ya malori 20 mtoto wa miaka tisa anakuwa ameelewa somo ambalo mwalimu angelieleza kwa wiki nzima: kuna kitu kinatoka hapa bila kukoma, na kinaondoka.

Kinaenda wapi? Swali hilo linampeleka kwenye reli. Njia ya reli inayopita Kolwezi inaendelea magharibi hadi Dilolo, inavuka mpaka na kuingia Angola, na kutoka Luau inakwenda zaidi ya kilomita 1,300 hadi bandari ya Lobito. Ilikamilika mwaka 1931, ikakatwa kwa miaka mingi na vita vya Angola, na sasa Wamarekani na Wazungu wanaitangaza upya kwa jina la ushoroba wa Lobito. Mtoto anaweza asijali siasa hizo. Atakachokumbuka ni kwamba vyuma viwili vilivyo mbele yake vinafika hadi baharini.

Kisha kuna waya. Watu wazima wamezizoea nguzo kubwa za umeme kiasi kwamba hawazioni tena, lakini kwa mtoto aliyetazama vibonzo vya majitu ya chuma, zile ni majitu ya chuma. Njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, inakuja hadi Kolwezi kwa urefu wa kilomita 1,700. Ilipomalizika mwaka 1982 ilikuwa ndefu kuliko zote duniani za aina yake. Ilijengwa ili mitambo ya shaba isilale. Inapita juu ya mamia ya vijiji ambavyo usiku vinawasha kibatari. Kama kuna mahali ambapo maana ya neno machini inaonekana kwa macho bila filamu yoyote, ni chini ya nguzo hizo.

Mji wenyewe ulichorwa na mashine. Kolwezi ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 iwe makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 na ambayo mali zake zilitaifishwa baada ya uhuru, zikawa za Gécamines. Katika mitaa ya wafanyakazi kama Musonoi, Kapata na Luilu nyumba zilijengwa kwa mistari, zikifanana kama matofali. Watoto hufurahia kutafuta tofauti: hii ina mwembe, hii imeongezwa chumba, hii mwenye nyumba ameipaka rangi ya bluu. Wazee wa mitaa hiyo, wale waliofanya kazi Gécamines, ni hazina kuliko jengo lolote. Wengi wao wanakumbuka saa ya king'ora cha zamu, posho ya unga, shule na hospitali za kampuni, na ukiwapa kiti na nusu saa watakuonyesha kwa kidole mahali kila kitu kilipokuwa.

Hata milima ya asili ina hadithi yake. Vilima vyenye shaba nyingi ardhini mara nyingi havina miti, kwa sababu mizizi ya miti mingi haiivumilii sumu yake. Vina nyasi fupi na mimea michache iliyozoea, likiwamo ua dogo ambalo wataalamu wa mimea huliita ua la shaba. Wahenga wa Katanga waliisoma ardhi hiyo wakajua mahali pa kuchimba, karne nyingi kabla ya mzungu wa kwanza. Waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha katika biashara iliyofika mbali.

Mtoto akiinama kuokota jiwe

Mapema au baadaye mtoto atainama. Amekwisha kuona kwamba kokoto zinaweza kuwa watu, na chini ya miguu yake kuna kokoto za kijani, nyeusi na nyekundu nzuri kuliko za filamu. Hapa ndipo matembezi ya Kolwezi yanapotofautiana na ya Brussels.

Jiwe la kijani mara nyingi ni malakiti, madini ya shaba. Jeusi lenye mng'ao wa buluu huenda ni heterojeniti, lenye kobalti. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability uchunguzi wao katika mtaa wa Kasulo, ambako wakazi walikuwa wakichimba kobalti ndani ya nyua zao. Mkojo wa watoto wa mtaa huo ulikuwa na kobalti takriban mara 10 ya ile iliyokutwa kwa watoto wanaoishi kwingine, na wakaona dalili za madhara katika chembe za urithi. Vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na kobalti, na katika vipimo kulikuwa na urani na manganizi pia.

Kwa hiyo sheria ya matembezi haya ni fupi, na haina mjadala hata mtoto akilia. Mawe ya kando ya migodi na ya barabara ya malori yanatazamwa, hayaokotwi. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula. Viatu vinabaki nje ya mlango. Kokoto za kuchezea zinatafutwa pengine, na mahali pake patatajwa baadaye.

Lakini kuna jambo gumu kuliko vumbi. Mtoto aliyetoka nyumbani kufuata katuni anaweza kukutana na mtoto mwenzake, wa umri uleule, mwenye gunia begani au ameketi kando ya maji akiosha mawe. Atauliza kwa nini yule hatembei na baba yake.

Sheria ya Kongo inakataza mtu yeyote chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini. Hata hivyo mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000, wavulana kwa wasichana, walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi, wengi wao kwenye kobalti. Wengine huokota mabaki, wengine hupepeta, huosha au hubeba. Sababu inayotajwa zaidi na familia ni umaskini, pamoja na ada na gharama za shule, ingawa serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Mjini Kolwezi masista wa Bon Pasteur wamekuwa wakiendesha kituo ambacho watoto waliotoka migodini wanasoma, na mama zao wanajifunza kazi nyingine.

Mzazi hawezi kumwambia mtoto wa miaka minane yote hayo, wala haifai ayageuze kuwa hotuba. Lakini kunyamaza ni vibaya zaidi, kwa sababu mtoto atajaza ukimya huo kwa jibu lake mwenyewe, na jibu rahisi kuliko yote ni kwamba yule ni mtoto wa aina nyingine. Jibu la kweli linaweza kuwa fupi: yule naye alipaswa kuwa shuleni, na kuna watu wazima ambao hawakutimiza wajibu wao. Kusimama na kumwangalia kama kivutio, au kumpiga picha, ni aibu. Salamu inatosha.

Na kuhusu picha kwa jumla: migodi, reli na mitambo ya umeme inalindwa, na walinzi wa Kolwezi hawapendi kamera. Hili si pigo kubwa. Katuni ilitengenezwa kwa chaki, na mtoto anaweza kubeba daftari na penseli. Anayechora hutazama kwa muda mrefu kuliko anayebonyeza simu.

Mtaa unaoweza kutoweka

Kwa nini kufanya haya sasa, wala si mwakani? Kwa sababu ramani ya Kolwezi haisubiri.

Kasulo ulikuwa mtaa wa kawaida hadi mwaka 2014, pale kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba. Mwaka 2017 mamia ya familia zilihamishwa na sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta kuwa eneo la kuchimba. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka 2010 hawezi leo kumwonyesha mdogo wake ua aliochezea. Katika Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya serikali, mgodi wa COMMUS umekuwa ukisogea karibu na nyumba tangu ulipoanza tena kazi mwaka 2015. Ripoti ya Septemba 2023 ya Amnesty International na shirika la IBGDH la Kolwezi ilieleza kuwa watu wapatao 39,000 waliishi katika mtaa huo, kwamba baadhi yao walikwisha kuondolewa, na kwamba waliozungumza walilalamikia fidia isiyotosha kununua nyumba kama waliyoiacha, yenye maji na umeme.

Nchini Japani kuna mfano wa katuni iliyosaidia mahali kubaki. Filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1988, My Neighbor Totoro, ilichota mandhari yake katika vilima vya Sayama karibu na mji wa Tokorozawa, ambako nyumba mpya zilikuwa zikila misitu. Watu waliopenda filamu wakaanza kuchanga fedha, na tangu mwaka 1991 mfuko wao umekuwa ukinunua vipande vya msitu huo, kimoja kimoja, ili visijengwe. Leo mtoto wa Kijapani anaweza kutembea ndani ya msitu wa Totoro, na msitu huo upo kwa sababu watoto waliomtangulia waliupenda kwenye skrini.

Hakuna mfuko unaoweza kununua ardhi ya Kolwezi yenye kobalti chini yake. Bei yake haishindaniwi kwa michango ya watoto. Na Machini haikutengenezwa ili kutetea mtaa fulani. Lakini familia ikiwa na mchoro wa nyumba, wa mwembe na wa njia ya kwenda shule, pamoja na majina ya majirani yaliyoandikwa na mtoto nyuma ya karatasi, ina kitu cha kuonyesha siku mtu atakaposema hapa palikuwa tu na eneo la mgodi.

Kokoto safi za Nzilo

Siku ya pili ya matembezi, ikiwa kuna usafiri, iwe ya maji. Kaskazini mwa mji, mto Lualaba umezuiwa na bwawa la Nzilo, lililojengwa miaka ya 1950 ili kuipa migodi umeme, na nyuma yake kuna ziwa ambako wavuvi hutupa nyavu na wakazi wa mji huja kupumzika. Hapa mtoto anapaswa kuambiwa jambo ambalo vitabu vingi vya shule vinalipita haraka: maji haya ndiyo mwanzo wa mto Kongo. Yanaelekea kaskazini hadi Kisangani, yanapinda, na yanafika baharini karibu na Inga, kule kule unakoanzia ule waya wa kilomita 1,700. Umeme unapanda kuja Kolwezi, maji yanashuka kwenda kuufuata.

Ni hapa pia pa kumsimulia habari za Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki wa majini ambaye wachoraji wa Katanga walimtundika katika sebule za watu kwa miongo mingi. Katuni au la, hakuna mtoto anayemsahau, na wengi hawatasogea ukingoni baada ya hapo, jambo ambalo halimkeri mzazi yeyote. Na wakati bukari na samaki vinasubiriwa, kokoto zinaweza kuokotwa: za mtoni, za mviringo, mbali na migodi, zikaoshwa tena nyumbani.

Kutengeneza katuni yenyewe kunahitaji sakafu ya sementi, chaki, kokoto hizo na simu iliyofungwa juu ya stuli isitikisike. Kila kitu kinategemea subira. Kwa picha 12 kwa sekunde, sekunde 10 ni picha 120. Dakika 10, urefu wa Machini, ni picha 7,200. Mwanga wa dirishani hubadilika, kwa hiyo ni bora kuziba dirisha na kuwasha taa, ikiwa umeme upo. Ukikatika, kazi inaahirishwa, na mtoto anajifunza jambo lingine kuhusu Inga.

Simu hiyo yenyewe ina betri, na ndani ya betri za simu nyingi mna kobalti. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na sehemu kubwa hutoka Lualaba. Mtoto aliyehesabu malori asubuhi anaweza kugundua hilo mwenyewe akiulizwa mifuko ile ilikuwa inakwenda kufanya nini.

Wengi hawatafika sekunde 10. Jaribio la kwanza huwa lori la kokoto tatu linalovuka sakafu kwa mshtuko na kutoweka upande wa pili, sekunde mbili au tatu hivi, na kivuli cha mkono wa mdogo mtu kikionekana katikati. Watalitazama mara 40.